Mpanda miaka ya tisini: tulivyohangaika kutafsiri maswali ya kujikagua ngozi

Wakuu, habari za asubuhi huko mliko.

Hiki ninachosimulia nimekiona kwa macho yangu na kimepita mikononi mwangu. Majina ya watu nimeyabadilisha kidogo, lakini mambo yenyewe sijayaongezea chumvi. Mwenye haraka aende zake, uzi ni mrefu kiasi.

Mimi ni mama mtu mzima sasa, mwalimu mstaafu. Enzi hizo nilikuwa na miaka ishirini na minne, nafundisha Kiswahili shule ya msingi pale Shanwe, Mpanda. Nyie vijana mnaosema "Katavi, Katavi", wakati huo hakukuwa na mkoa wa Katavi. Tulikuwa Rukwa, makao makuu Sumbawanga, na ukitaka kwenda kokote kwa maana ulipanda treni ya Tabora. Bodaboda hakuna. Ni baiskeli na miguu yako.

Basi likizo ya mwezi wa sita akaja daktari mmoja wa kike kutoka Dar. Nitamwita Daktari Rehema. Mwembamba, mcheshi, anatembea haraka kama mtu anayewahi gari. Alikuwa anasomea digrii yake ya pili na utafiti wake ulihusu kansa ya ngozi, ile inayoanza kama baka au alama nyeusi, kwa kizungu melanoma.

Msikimbie, sio uzi wa kitabibu huu.

Alichotaka kujua ni kitu kimoja tu: watu wanaonaje habari ya mtu kuangalia ngozi yake mwenyewe ili kama kuna alama mpya aiwahi. Wanaona ni jambo la maana? Ni upuuzi? Wanaona aibu? Wanaogopa?

Alikuja na dodoso la maswali limeandikwa kwa Kiingereza, limetengenezwa nchi za watu. Akataka liwe kwa Kiswahili, Kisukuma na Kifipa, halafu apime kama swali lile lile linabeba uzito ule ule kwenye lugha zote tatu. Maana kama Mfipa ameulizwa kitu kimoja na Msukuma kaulizwa kingine, majibu yao huwezi kuyaweka kwenye mzani mmoja.

Mwalimu mkuu akanitaja mimi. Kiswahili nafundisha, Kifipa ni cha nyumbani. Nikajiona nimeula. Nikajua hii kazi ni siku mbili, tatu, nimemaliza, narudi kusuka mkeka wangu.

Wiki nne, wakuu.

Tuanze na Kiswahili, maana ndicho nilichodhani ni rahisi.

Rasimu ya kwanza niliandika, "Je, una kawaida ya kujichunguza?" Nikaona nimepatia. Tukaenda kuijaribu kwa bibi mmoja Mfipa, jirani yangu, mcha Mungu sana. Nikamsomea. Akanitazama kwa upole, akasema, "Mwalimu, najichunguza kila Jumamosi kabla ya kwenda kuungama. Wewe je? Mbona sikuoni kanisani?"

Daktari Rehema alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka, kwa sababu bibi alikuwa anasubiri jibu.

Nikabadilisha. Nikaandika "kujipima". Hapo ndio nikaharibu kabisa. Nyie mliokuwepo miaka ile mnakumbuka neno kupima lilikuwa na maana gani. Ukisema kupima, watu wanaelewa ugonjwa mmoja tu, ule uliokuwa unatajwa kwa kunong'ona. Tulikwenda nyumba tatu pale Shanwe. Ya kwanza wakatukaribisha maji. Ya pili wakatuambia baba mwenye nyumba hayupo, na huku tunamwona miguu yake chini ya pazia. Ya tatu mlango haukufunguliwa.

Habari ilishafika kabla yetu: mwalimu anazunguka na daktari wa Dar, wanapima watu.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Ilibidi nitulie nifikirie kama mwalimu. Nikajiuliza, ni neno gani ambalo mtu yeyote aliyepita shuleni hata darasa la pili analijua, na halimtishi? Ndipo nikakumbuka mstarini asubuhi, watoto wamenyoosha mikono, mimi napita kuangalia kucha. Ukaguzi! Kukagua. Kujikagua.

Kesho yake tukaenda na "kujikagua ngozi", na watu wakaanza kutabasamu na kunyoosha mikono wenyewe. Neno moja tu hilo, wiki nzima imekwenda.

Halafu likaja la "doa jeusi".

Kashaulili, jirani na soko, kulikuwa na mzee mmoja muuza vitenge, Mwislamu mstaarabu sana, anapenda utani. Nikamsomea, "Je, huwa unaangalia mwili wako kama kuna doa jeusi?"

Akavua miwani. Akajitazama mkono. Akanitazama mimi. "Binti yangu," akasema, "mimi mwili mzima ni doa jeusi. Unataka nianzie wapi?"

Duka zima likaangua kicheko. Lakini Daktari hakucheka safari hii, alitoa daftari akaandika. Tukiwa njiani akaniambia, "Mwalimu, huyu mzee amesema kitu kikubwa. Haya maswali yaliandikwa kwa ajili ya watu weupe. Kwetu sisi ugonjwa huu hupenda kujificha mahali ambapo hatujitazami. Nyayo. Viganja. Chini ya kucha. Na dodoso zima halijataja unyayo hata mara moja."

Usiku huo huo, sijui mchana ule ule, aliongeza swali: "Je, huwa unakagua nyayo zako?" Swali hilo liwekeni akilini.

La kioo nilisimulie kwa kifupi. Dodoso liliuliza kama mtu hutumia kioo kirefu kujitazama mgongo. Mpanda ya wakati ule, kioo kirefu nilichokijua mimi kilikuwa kwa fundi cherehani mmoja pale sokoni. Kwa hiyo watu walituambia wazi kwamba kioo wanakijua, kipo kwa fundi, ila wakajivue nguo kwa fundi kwa sababu gani? Tukabadilisha, "mtu wa nyumbani kwako akuangalie mgongo". Mama mmoja mjane akauliza, "Na mimi ambaye mtu huyo nimemzika?" Swali hilo moja tulilibishania kutwa nzima, na sikumbuki tuliishia wapi.

Kifipa nilikimaliza mwenyewe. Sasa tuje kwa Kisukuma, maana ndiko alikokuwa mwenye kisa hiki.

Daktari alitafuta Msukuma anayejua lugha ile ya ndani, sio ya kuombea maji tu. Wote tuliowauliza walimtaja mtu mmoja: Baba Kulwa. Alikuwa amehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga miaka kadhaa nyuma, akajenga pembezoni mwa Makanyagio. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, sauti nzito, mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Alisoma mpaka darasa la saba akapasi, ila baba yake akasema ng'ombe watachungwa na nani. Nadhani jambo lile halikuwahi kumtoka moyoni, kwa sababu kalamu aliishika kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Alikuja kila siku shuleni, darasani kwangu, amevaa katambuga za matairi na shati limenyooshwa. "Mwangaluka, mwalimu," ananisalimia Kisukuma, namwitikia nilivyofundishwa, anasahihisha matamshi yangu, tunaanza.

Alikuwa mbishi! Neno moja anaweza kukaa nalo asubuhi nzima. Tulikuwa na sentensi inasema, "Nikiona alama mpya mwilini nitakwenda kuionyesha hospitali mapema." Akasema hapana, neno "mapema" kwa Kisukuma akiliweka kavu kavu kila mtu atalielewa anavyotaka. Akaandika kwa maana ya "kabla mvua nyingine hazijaanza".

Daktari akaruka. "Baba Kulwa, mvua ni mwezi wa kumi na moja! Mtu atakaa miezi mitano na baka?"

Akafikiri. Akafuta. Akaandika kwa maana ya "kabla ng'ombe hawajakamuliwa kesho". Akasema hiyo hakuna mchungaji atakayeikosea. Daktari alifurahi kama amepewa zawadi.

Na yeye Baba Kulwa ndiye aliyetuokoa kwenye tatizo kubwa kuliko yote.

Iko hivi. Dodoso la namna ile mtu halijibu ndiyo au hapana. Anachagua: nakubali kabisa, nakubali, niko katikati, nakataa, nakataa kabisa. Tulipojaribu, kila mtu alikubali kabisa. Kila kitu! Unamwambia, "Kujikagua ngozi ni jambo la maana." Nakubali kabisa. Unageuza, "Kujikagua ngozi ni kupoteza muda." Nakubali kabisa. Na anakuongezea karanga.

Daktari alikuwa anakaribia kulia. Akasema kazi yake yote imekufa, majibu hayana maana.

Baba Kulwa akamwambia, "Daktari, sio waongo. Wewe ni mgeni. Umetoka mbali, umeshika karatasi, umesema jambo. Mtu atakukatalia nyumbani kwake? Usiwaambie wakukatalie kwa mdomo. Wape punje za mahindi."

Tukafanya hivyo. Kila mtu anapewa punje tano. Ukikubaliana sana na neno lile unaweka zote tano kwenye kisahani, ukikubali kiasi unaweka nne, na kuendelea mpaka moja. Wakuu, watu walibadilika! Mtu ambaye kwa mdomo anakubali kila kitu, kwa mahindi anaweka punje moja na kukwambia, "Hii ya kuangaliwa mgongo bado sijaipenda." Mwishowe tukaanza kupata majibu yanayotofautiana.

Changamoto ilikuwa kuku. Kwa mama mmoja hapo Makanyagio jogoo alipita akameza "nakubali kabisa" yote, tano, kabla sijaandika. Ikabidi nimwulize upya, na mama akasema safari hii anaweka tatu, maana amefikiri vizuri zaidi.

(Samahani wakuu, nilisimama kuepua maharage. Tuendelee.)

Ikabaki kuhakikisha Kisukuma cha Baba Kulwa. Utaratibu ni kwamba mtu mwingine ambaye hajaona Kiswahili chetu anakirudisha Kisukuma kile kwenye Kiswahili, halafu unalinganisha. Tukampata dada mmoja anaitwa Nkwimba, muuza maziwa. Karibu yote yalirudi salama. Lile la nyayo tu ndilo lilirudi hivi: "Je, unazijua nyayo ulizoziacha njiani?"

Daktari akauliza, "Sasa hiyo si kumfuata ng'ombe aliyepotea?"

Nkwimba akasema ndivyo ilivyoandikwa. Baba Kulwa akasema sivyo alivyoandika, Nkwimba ndiye hajui Kisukuma. Nkwimba akamjibu vizuri tu, na maneno mengine siyaandiki hapa. Mwishowe ikaamuliwa twende nyumbani kwa Baba Kulwa mwenyewe, tulisome swali lile kwa watu wa pale tuone wataelewaje.

Tukaenda Jumamosi, saa nne asubuhi. Mji wake mkubwa, zizi la miiba, wanawake wanapepeta mpunga. Mkewe, Mama Kulwa, mwanamke mfupi mwenye kicheko cha kusikika mbali, akatuwekea viti. Kiswahili alikijua cha sokoni, kinatosha.

Baba Kulwa akasimama kama mwalimu, akasoma swali la nyayo kwa Kisukuma. Akina mama wakatazamana. Mmoja akajibu kitu, Baba Kulwa akaanza kueleza, akaona hawamwelewi, akafanya jambo ambalo mimi ningelifanya darasani pia: akaamua kuwaonyesha kwa mfano. Akasema kwa Kiswahili ili na sisi tufuate:

"Mbona ng'ombe mnawakagua? Mimi ng'ombe wangu wote nawajua. Yule ana baka jeupe sikioni. Yule ana kovu la kupe chini ya tumbo. Akiota kitu kipya leo, kesho nimekiona. Sasa mtu je? Nasema unyayo wako mwenyewe, huu wa kukanyagia, unaujua kama unavyomjua ng'ombe?"

Mama Kulwa akaangua kicheko chake. "Wewe ndio unauliza hivyo? Wewe? Waambie wageni kilichopo chini ya kisigino chako."

Watu wakacheka. Baba Kulwa akacheka pia, ila kidogo.

"Mwiba," akasema. "Ulinichoma zamani."

"Mwiba gani unaota?" Mama Kulwa akatugeukia sisi. "Tangu mwaka juzi. Ulikuwa kama mbegu ya papai. Mimi ndiye ninayemsugua miguu akitoka machungani, nauona. Sasa hivi umekuwa kama hivi." Akaonyesha kwa kidole gumba, mpaka kwenye kifundo cha kwanza.

Nilimtazama Daktari Rehema. Bado alikuwa na tabasamu usoni lakini macho yalishabadilika.

"Baba Kulwa," akasema taratibu, "naomba uvue kiatu."

Akavua katambuga ya kulia. Akakaa kwenye kigoda, akainua mguu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Daktari, niliona. Baka jeusi, jeusi kuliko ngozi yake, kingo zake zimekatikakatika kama ramani, sehemu nyingine kahawia, sehemu nyingine kama wino. Daktari alitoa rula yake ya plastiki kwenye mkoba akalipima, akabonyeza, akapapasa nyuma ya goti na kwenye kinena juu ya nguo, anatafuta uvimbe. Hakuna aliyecheka tena. Hata mpunga uliacha kupepetwa.

Wiki mbili na ushee tulikaa na mtu huyu meza moja. Kila siku miguu yake ilikuwa chini ya dawati langu.

Daktari akasema, "Siwezi kusema ni nini kwa kuangalia tu. Ila ni lazima wakate kipande wakapime."

Hapo ndipo lugha ilipotupiga tena, wakuu, na safari hii haikuchekesha. Maana Baba Kulwa alisikia neno moja tu: wakate. Akashusha mguu, akavaa kiatu.

"Mguu wangu haukatwi," akasema. "Mchungaji wa mguu mmoja anachunga nini? Kuku?"

Daktari akaeleza, sio mguu, ni kinyama kidogo, kama punje moja ya mahindi. Hakusikia. Akatuaga kwa heshima zote, akatusindikiza mpaka njia panda, akatuambia kazi ya Kisukuma imekwisha, tumalizie wenyewe. Jumatatu hakuja shuleni. Jumanne hakuja.

Daktari hakula siku hizo. Aliniambia, "Mwalimu, unajua kwenye karatasi yake mwenyewe aliweka punje ngapi? Nilimjaribishia dodoso wiki iliyopita. 'Nikiona alama mpya nitakwenda kuionyesha hospitali kabla ng'ombe hawajakamuliwa kesho.' Aliweka tano. Na huku anajua ana nini mguuni." Akafunga daftari. "Hakunidanganya, unajua? Aliamini kweli. Ila mguu wake hakuuhesabu humo ndani."

Jumatano jioni, jua bado lipo, tukarudi Makanyagio. Daktari alikuwa amejiandaa na maneno mengi. Hata hayakuhitajika.

Tulimkuta Baba Kulwa amekaa nje, Mama Kulwa amesimama mbele yake na kibuyu mkononi. Alipotuona hakusubiri hata salamu. Akamsemesha mumewe kwa Kiswahili, nadhani makusudi, ili tuwe mashahidi.

"Baba Kulwa. Wiki zote hizi ulikuwa unasoma yale maneno hapa kwa sauti. Asubuhi unasoma, jioni unasoma. Mimi sijui kusoma lakini nimeyashika yote. Ulisema mtu akiona alama aende kabla ng'ombe hawajakamuliwa kesho. Ndivyo ulivyosema?"

"Nilisema."

"Ng'ombe walikamuliwa Jumapili. Walikamuliwa Jumatatu. Jana walikamuliwa. Leo nimekamua mwenyewe." Akainua kibuyu. "Sasa yale maneno uliwaandikia akina nani? Wafipa?"

Mimi Mfipa nikajifanya natazama zizi.

Baba Kulwa aliinamisha kichwa. Nikafikiri amekasirika. Kumbe anacheka, mabega yanatikisika, na machozi yanamtoka hapo hapo. Sijawahi kumwona mwanaume analia na kucheka kwa wakati mmoja kama siku ile. Akasema kitu kwa Kisukuma, Mama Kulwa akakaa chini karibu yake. Baadaye nilimrudilia Nkwimba maneno yale kama nilivyoyasikia, akanitafsiria kwamba alisema, "Naogopa, mke wangu." Basi. Maneno hayo tu.

Mama Kulwa akasema, "Na mimi naogopa. Tutaogopea kwenye treni."

Na kweli wakaogopea kwenye treni. Daktari aliandika barua ndefu kwa daktari mwenzake wa hospitali kubwa Mwanza, aliyesoma naye. Treni ya kwanza iliyoondoka Mpanda waliipanda, mume na mke, Tabora wakabadilisha, mpaka Mwanza. Ng'ombe wakaachiwa shemeji. Mimi nilikwenda kuwasindikiza stesheni. Baba Kulwa alikuwa amevaa viatu vya kuazima, vinambana, na mkononi ameshika nakala ya dodoso lake la Kisukuma. Nikamwuliza la nini. Akasema, "Nitasahihisha lile la nyayo. Nkwimba alikuwa na haki, ila usimwambie."

Tulikaa wiki sita bila habari. Nyie wenye simu hamjui hiyo kitu. Kila siku ya treni nilipita stesheni kwa visingizio. Shule ilishafunguliwa, watoto nawakagua kucha, na nikimaliza kucha nawaambia, "Haya, nyayo pia." Walidhani mwalimu amerukwa na akili.

Barua ikaja. Mwandiko ule mzuri. Ilikuwa ni melanoma kweli. Lakini ilikuwa haijazama sana na wala haijasafiri kwenda kwingine. Walimega sehemu ile yote na ngozi ya pembeni, wakachukua ngozi ya pajani wakaziba. Mguu upo. Mwisho wa barua aliandika: "Mwambie Daktari sasa kisigino changu ni paja. Kama dodoso lina swali la hilo, naweka punje tano."

Nilisoma barua ile nimesimama katikati ya stesheni nikapiga vigelegele peke yangu. Watu wakajua kuna harusi.

Alirudi mwezi uliofuata kwa magongo mawili, baadaye gongo moja, baadaye kuchechemea tu. Madaktari walimwambia awe anarudi kuangaliwa na alikuwa anarudi, Mama Kulwa alihakikisha. Yupo mpaka leo, mzee kabisa. Nilimpigia simu kabla ya kuandika uzi huu kumwomba ruhusa. Akaniuliza uzi ni nini, nikamweleza. Akasema, "Andika, ila useme kwamba nilipasi darasa la saba."

Nimeshasema, Baba Kulwa.

Daktari Rehema naye alimaliza kitabu chake. Alinitumia nakala, ninayo. Sura nzima aliitumia kueleza jinsi neno moja likibadilika lugha linavyobadilisha jibu, na punje za mahindi zimo, na kuku yumo, kwenye maelezo madogo chini ya ukurasa. Swali la nyayo lilibaki, kwa Kisukuma kilichosahihishwa. Na aliongeza kitu kimoja ambacho dodoso la mwanzo halikuwa nacho: baada ya swali la mwisho, mdodosaji anaweka karatasi chini na kusema, "Sasa naomba tuangalie pamoja."

Nilichojifunza mimi mwalimu ni hiki. Mtu anaweza kukubali jambo kwa moyo wake wote, akalitafsiri kwa lugha yake vizuri kuliko aliyelileta, na bado asijue kwamba linamhusu yeye. Sio unafiki. Ndivyo tulivyo. Tunahitaji mtu wa nyumbani anayetujua mpaka chini ya kisigino, na mwenye mdomo wa kusema bila kutuogopa.

Na la pili: ukiona baka jipya unyayoni, kiganjani, au mstari mweusi chini ya ukucha unaozidi kupanuka, usiliite mwiba. Hata kama haliumi. La Baba Kulwa halikuwahi kuuma hata siku moja. Nenda likaangaliwe, mara nyingi itakuwa sio kitu na utarudi unacheka.

Wakuu, sasa ni zamu yenu. Nataka kujua, kwa lugha ya kwenu, Kiha, Kibende, Kinyakyusa, Kimakonde, chochote, mnasemaje "kujikagua ngozi" ili bibi yako aelewe bila kudhani unamwita kanisani au kumpima? Andikeni hapa chini, na wenye visa vyao vya namna hii wasimulie pia.

Ila vueni viatu kwanza, mwangalie, ndipo mje kuandika.